Mfalme wa kuchaguliwa kwenye taifa la mchezo: mamlaka yake na namna ya kumrithi

Taifa la mchezo, yaani nchi ya kubuni ambayo wachezaji huiendesha mtandaoni kwa katiba na vyeo vyao, lenye wachezaji 15 hadi 30, kama yale yanayoendeshwa na wanachuo hapa Dodoma, likitaka mfalme wa kuchaguliwa lianze kuandika katiba yake kutoka nyuma: kiti kinakuwa wazi lini, nani anatangaza, nani anakishikilia. Mamlaka ya mfalme yafuate baadaye. Makundi mengi huanza na bendera na vyeo vya heshima, halafu siku mfalme akipotea hewani kila mtu anamtegea mwenzake.

Kiti huwa wazi kwa muda kuisha, kujiuzulu, kuondolewa au kutoonekana. Hilo la mwisho ndilo litakalowasumbua, kwa sababu mchezaji hafi, anaacha tu kujibu. Kwa hiyo pimeni kwa saa. Kifungu kinachofanya kazi kinasomeka hivi: “Mfalme akikaa siku 10 mfululizo bila kuandika neno kwenye kundi kuu na bila kuaga, Msajili atatangaza kiti ki wazi siku ya 11 saa 2 usiku.” Msajili ni mtunza kumbukumbu na msimamizi wa uchaguzi. Mkichezea NationStates, tovuti ya mchezo wa kuendesha mataifa ya kubuni, kumbukeni kwamba taifa lisiloguswa kwa siku 28 hufutwa, au siku 60 kama mwenyewe ameweka hali ya likizo, kikomo chenu kiwe kifupi kuliko hicho.

Poland ilikutana na jambo hilihili. Henry wa Valois, aliyechaguliwa kuwa mfalme wake mwaka 1573, alitoroka Juni 1574 kwenda kuchukua kiti cha Ufaransa. Wapoland walimpa mpaka Mei 1575 awe amerudi. Hakurudi, wakatangaza kiti ki wazi. Desemba mwaka huohuo Askofu Mkuu wa Gniezno, aliyekuwa mshika kiti, akamtangaza Maximilian II, na siku chache baadaye makabaila wengi wakamtangaza Anna Jagiellon pamoja na Stefan Báthory. Wafalme wa pande mbili kwa mpigo! Ndiyo maana mtangazaji awe mmoja, naye asome hesabu ya kura, asitoe maoni yake.

Kujiuzulu kuandikwe kwenye kundi kuu na kuanze kufanya kazi baada ya saa 24. Watu hujiuzulu kwa hasira saa 6 usiku, kukikucha wanataka kiti chao.

Kaimu, yaani anayeshikilia kiti kikiwa wazi, abanwe kuliko mfalme. Asikatae sheria, asiteue mtu, asiguse katiba, asivunje Baraza (bunge la mchezo), na zaidi ya yote asigombee. Anayeruhusiwa kugombea atauchelewesha uchaguzi mpaka apate kura. Mpeni siku 7 za kuitisha uchaguzi. Zikipita, Msajili aitishe mwenyewe.

Je, mrithi apatikane mapema? Kuna njia mbili. Ya Malaysia: Baraza la Watawala humchagua mfalme kwa miaka 5 pamoja na naibu wake, ila naibu harithi moja kwa moja. Mfalme alipojiuzulu Januari 2019, naibu alikaimu, akachaguliwa sultani mwingine kabla mwezi haujaisha. Njia ya pili ni ya Dola Takatifu ya Kirumi, dola ya zamani ya Ulaya ya kati, ambako wateuzi (watawala wachache wenye haki ya kumchagua mfalme) waliweza kumchagua mrithi mfalme akiwa hai. Kwa kundi ambalo watu hupotea mara kwa mara, sisi tunapendekeza hii ya pili, kwa sharti moja: mrithi apigiwe kura na walewale wanaomchagua mfalme, asitajwe na mfalme. Mfalme akishaanza kumtaja mrithi wake, uchaguzi umebaki jina tu.

Kura yenyewe ihesabiwe kwa wanachama wote, si kwa waliojitokeza. Kwenye kundi la 20, mshindi apate 11. Asipopatikana, wa mwisho aondolewe na kura irudiwe. Duru ya tatu ibaki na wawili. Mkitumia wateuzi badala ya wanachama wote, wawe 5 au 7. Kura ya WhatsApp kwa kawaida huonyesha nani kampigia nani, kwa hiyo tumieni fomu isiyokusanya barua pepe. Dirisha liwe la saa 48, maana umeme ukikatika au bando likiisha, saa 6 hazitoshi.

Sasa mamlaka. Mfalme peke yake: kusaini sheria, kufungua vikao, kutoa nishani. Kwa ushauri wa waziri mkuu: vita, mikataba, uteuzi. Penye hatari ni mawili. La kwanza, kukalia muswada. Katiba yetu ya Tanzania, ibara ya 97, inampa Rais siku 21 za kukubali muswada alioukataa ukarudishwa na theluthi mbili ya wabunge wote, la sivyo alivunje Bunge. Kwenye mchezo saa 72 zinatosha, na ukimya uhesabiwe kuwa saini. La pili, kuvunja Baraza. Mkataze kulivunja hoja ya kumwondoa ikishawasilishwa. Bila hivyo, kila hoja itaishia kwenye Baraza kuvunjwa. Kumwondoa kuhitaji theluthi mbili ya wote, yaani 14 kati ya 20, na asikiongoze kikao hicho.

Muda wa miezi 4 unafaa, mradi usiishie kwenye wiki za UE (mitihani ya mwisho wa muhula chuoni). Kama mna wachezaji wanaofanya kazi Bungeni, ruka pia Bunge la bajeti, Aprili hadi Juni.

Mwisho, nywila. Mwenye akaunti ya taifa ndiye mfalme halisi, katiba iseme inavyosema. WhatsApp haimruhusu admini mwingine kumtoa mwanzilishi wa kundi, na seva ya Discord ina mmiliki mmoja. Kundi lianzishwe na Msajili, ambaye hagombei wala hapigi kura, na mfalme apewe uadmini tu. Nywila ya taifa ibadilishwe ndani ya saa 24 baada ya kila tangazo la kiti wazi, kabla Kaimu hajaandika tamko lake la kwanza.