Jinsi ya kumaliza kazi mapema kwenye timu ya programu bila kukesha

Mimi ilinichukua muda kuelewa hili: tiketi (kazi moja uliyopangiwa kwenye orodha ya timu) haikai wiki nzima kwa sababu unaandika kodi polepole (kodi ya kompyuta, siyo ya nyumba), inakaa kwa sababu inasubiri. Inasubiri mtu aipitie, inasubiri jibu la swali uliloliuliza juzi, inasubiri testi (programu ndogo zinazokagua kama kodi inafanya kazi) ziishe. Kwa hiyo achana kwanza na mambo ya kukariri njia za mkato za kibodi, angalia kazi yako imelala wapi.

Anza na PR ndogo (pull request, yaani ombi la wenzako kupitia mabadiliko yako kabla hayajaunganishwa), na hapa nitakaa kidogo maana watu wanabisha sana. Ukituma PR ya mistari 1,200 mwenzako anaifungua, anaskroli mara mbili, anaifunga, kesho kutwa anakuandikia "iko poa" na hajasoma chochote. Ya mistari 80 anaimaliza hapo hapo akisubiri mitingi ianze. Sasa unaikataje? Tuseme unaongeza namba ya simu kwenye fomu ya kujisajili. PR ya 1 inaongeza kolamu tu kwenye databesi, inaruhusiwa kuwa tupu, haivunji kitu. Ya 2 seva inapokea namba, inaikagua na kuihifadhi. Ya 3 ndo fomu yenyewe mtumiaji anaiona. Kila moja inaingia kwenye tawi kuu (kodi kuu ya timu nzima) ikiwa nzima, na ya 3 ikileta balaa unairudisha hiyo peke yake. Ukijikuta umebadilisha majina ya fankshen njiani, yatoe yawe PR yao, ukichanganya msomaji hajui kipi ni usafi na kipi ndo mabadiliko yenyewe.

Halafu kuna git bisect, amri ya kutafuta komiti (badiliko moja lililohifadhiwa kwenye historia ya kodi) iliyoleta tatizo, watu wengi wanaisahau. Unaiambia komiti ipi ilikuwa nzima na ipi ni mbovu, inagawa nusu kwa nusu, komiti 1,000 unazimaliza kwa hatua kama 10 hivi. Ila ikikufikisha kwenye komiti moja ya mistari 1,200 bado uko porini.

Asubuhi pitia PR za wenzako kabla hujagusa ya kwako. Najua inauma, kichwa ndo kiko freshi na unataka kujenga, lakini ukianza na ya kwako unawachelewesha wawili watatu ili uokoe nusu saa yako, na wao jioni watakulipa hivyo hivyo.

Maswali nayo. Tafadhali usitume "mambo, upo?" ukanyamaza. Andika yote kwa pamoja, mfano: "Testi ya malipo inapita kwangu ila inafeli kwenye CI, erori ni hii hapa, nimeshafuta keshi na kulinganisha vesheni za laibrari ziko sawa, kuna kitu cha saa za eneo CI inatumia tofauti?" (CI ni mfumo unaoendesha testi zenyewe kila kodi inapotumwa.) Huyo mtu anaweza kukujibu hata akiwa kwenye daladala. Erori ibandike kama maandishi, siyo picha, ili aikopi akaitafute. Mimi najipa dakika 30 za kuhangaika mwenyewe, zikiisha nauliza, aibu naweka pembeni. Na mara nyingi nikiwa naandika swali lenyewe nagundua jibu, nafuta kimya kimya.

Mitingi sina mengi, kama haina ajenda uliza inahusu nini kabla hujakubali.

La mwisho, kabla hujafunga kompyuta jioni acha testi moja inayofeli, ya kile kitu unachotaka kufanya kesho. Asubuhi unaziendesha testi, nyekundu inakuonyesha ulipoishia, huhitaji saa nzima ya kujikumbusha ulikuwa unawaza nini. Usiipushi tu kwenye tawi la wote, mimi nilifanya hivyo siku moja nikaamka na meseji za timu nzima CI imegoma tangu usiku.