Kupekua hifadhi za mabango ya zamani kwa jicho la mchapaji

Sisi tunaochapa fulana, vifuko vya korosho na mabango ya matangazo hapa Mtwara tunaijua hesabu hii: kila rangi ina skrini yake, yaani fremu yenye kitambaa chembamba cha kupitishia wino, na kila skrini ni hela. Wasanifu wa miaka ya 1930 hadi 1960 walibanwa na hesabu hiyohiyo, na kazi zao nyingi sasa zimeskaniwa na kuwekwa mtandaoni bure. Somo hili ni la kuzipekua ukitafuta ujanja wao. Anayetaka picha nzuri ya kuweka WhatsApp hana haja ya kupita hatua zote.

Hatua ya 1: Nenda na kazi mkononi. Ukifungua hifadhi bila swali utamaliza bando na kutoka mikono mitupu. Chukua oda uliyo nayo, tuseme lebo ya korosho ya rangi mbili, halafu watafute waliotamba kwa rangi mbili.

Hatua ya 2: Anzia Maktaba ya Bunge la Marekani, loc.gov. Kwenye kisanduku cha kutafutia andika "WPA posters". Utapata mabango zaidi ya 900 ya mradi wa serikali yao uliowapa wasanii ajira wakati uchumi umeanguka. Yalitengenezwa kati ya 1936 na 1943: afya, usalama kazini, utalii, maonyesho ya tamthilia. Nawaanzishia huko kwa sababu mengi yalichapwa kwa skrini, njia ileile tunayotumia sisi. Msanii Anthony Velonis ndiye aliyeipigania njia hiyo katika karakana ya mradi huo New York. Kwa hiyo unakagua kazi ya fundi mwenzako.

Ukishazoea, nenda Letterform Archive ya San Francisco kwa ajili ya herufi, na Museum für Gestaltung ya Zürich kwa mabango ya Uswisi.

Hatua ya 3: Hesabu wino. Hapa ndipo penye somo lenyewe, msiparuke. Kuza picha mpaka uone kingo za maumbo, kisha ujiulize ni rangi ngapi hasa zilizochapwa. Macho yatakuambia tano, kumbe ni tatu. Mojawapo ya zile za ziada ni karatasi yenyewe: meno ya mtu, povu la bahari, mwanga wa taa, vyote ni karatasi iliyoachwa wazi makusudi. Nyingine inazaliwa pale wino mbili zinapopandana. Manjano chini, bluu juu, umepata kijani bila kulipia skrini ya kijani. Ushahidi tafuta pembezoni mwa jani au wimbi: kama skrini iliteleza kidogo siku ile, utaona ukingo mwembamba wa manjano upande mmoja na wa bluu upande wa pili. Binafsi mabango yaliyoteleza nayapenda kuliko yaliyonyooka, maana yanatoa siri za jikoni.

Kisha fungua bango la msanifu wa Uswisi, Josef Müller-Brockmann, la mwaka 1955, la tamasha la Beethoven huko Zürich. Matao meusi, mengine membamba, mengine mazito, yanazunguka sehemu yenye maandishi. Hakuna picha ya mpiga kinanda wala noti za muziki, na bado unahisi muziki unapanda.

Hatua ya 4: Ipunguze iwe kama kidole gumba. Abram Games, Mwingereza aliyechora mabango ya jeshi lao wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, alianza kila wazo kwa vichoro vidogo sana. Kisichosomeka kikiwa kidogo hakitasomeka hata ukikikuza. Lebo zetu zinaonwa na abiria aliye dirishani mwa basi, kwa hiyo hatua hii inatuhusu mno.

Hatua ya 5: Nakili jina la msanii, mwaka, namba ya kumbukumbu na maelezo ya haki. Bila namba hutaliona tena bango hilo.

Hatua ya 6: Lichore upya kwa mkono kwa idadi ileile ya rangi. Kisha lifunike, na mbinu uliyoipata uitie kwenye kazi yako.

MASWALI YA WANACHAMA

Masasi: Shikamoo mwalimu. Naweza kuchapa mabango hayo kwenye fulana nikauza?

*Marahaba. Ya WPA ni kazi za serikali ya Marekani, kwa kawaida hayana kizuizi, ila soma maelezo ya haki ya kila moja. Ya wengine usiguse ovyo. Sheria yetu ya hakimiliki ya 1999 inalinda kazi kwa maisha ya msanii na miaka 50 baada ya kifo chake. Paul Rand, aliyechora nembo ya IBM, alifariki 1996. Piga hesabu mwenyewe. Na nembo za kampuni ni alama za biashara, hizo ziache kabisa.*

Kilwa Masoko: Mimi nina simu tu, kaka.

*Inatosha. Pakua JPEG, achana na TIFF, hizo zitakumezea bando lote.*

Newala: Mbona wote Wazungu? Kwetu hakuna?

*Dada, fungua sanduku la bibi. Kanga ina pindo, mji na jina, na ya zamani utaikuta imesimama kwa rangi chache tu. Ipige picha juani ikiwa imetandazwa, kisha ifanyie Hatua ya 3 kama ilivyo. Mtazame pia Edward Saidi Tingatinga, mtu wa Tunduru, aliyechora kwa rangi za mafuta za dukani.*

Mikindani: Nikipandanisha manjano na bluu napata tope, si kijani.

*Huenda bluu yako ina wekundu ndani. Tafuta inayoelekea kijani. Pia wino mzito wa kufunika hauruhusu rangi ya chini ipenye, kwa hiyo tumia wino mwepesi wa maji kwenye kitambaa cheupe, manjano ikitangulia. Jaribia kwenye kitambaa chakavu, na usubiri kikauke kabisa ndipo uihukumu rangi.*