Kabla hujahama laini, pima kwanza pale unapokaa

Nashona na kuuza madera Kibokoni, Mji wa Kale. Duka langu ni chumba cha mbele cha nyumba aliyotuachia nyanya, lakini wateja wanaoingia kwa mguu ni wachache. Wengi wako Malindi, Lamu, Eastleigh kule Nairobi, na wawili watatu wako Maskati. Hao wote nawauzia kwa simu: nalitandaza dera, nachukua video kwenye mwanga wa dirisha, naonyesha mshono wa shingoni kwa karibu, natuma. Mtandao ukizubaa, mteja keshakwenda kwa mwengine. Kwa hivyo kuhama au kutohama kampuni ya simu, kwangu mimi, ni habari ya riziki.

Mara ya kwanza nilihama kwa sababu ya bei tu. Bando la mwezi lilikuwa karibu nusu ya nililokuwa nikilipia, nikaona nisiliache. Nikahamisha nambari yenyewe nzima, katikati ya Ramadhani, msimu ambao maagizo ya Idi yanamiminika. Pale dukani kwao, barabarani Digo Road, mtandao ulikuwa moto. Nyumbani, kwenye chumba cha nyuma kilipo cherehani, haukufika. Kila picha nikawa natoka nayo hadi barazani. Kampuni yenyewe siitaji, kwani kwa dada yangu Kiembeni mtandao huohuo unakwenda kama maji. Lililoniuma zaidi ni pesa: akaunti ya pesa za simu haihami pamoja na nambari. Wateja wa miaka waliozoea kunitumia wakawa wananipigia, "Shogangu, mbona haiendi?" Nilirudi nilikotoka baada ya wiki sita, na Idi ilikuwa imeshapita.

Tangu hapo kuna utaratibu ninaoufuata, na nimeufuata na binti yangu, na majirani, na mama mmoja muuza viazi vya karai pale Mwembe Tayari. Kuna watu utaratibu huu umewahamisha, na kuna waliobaki walipo kwa moyo mkunjufu.

Anza na simu yako, si na bei za watu. Fungua Mipangilio, ingia penye mtandao, utafute matumizi ya data. Itakuonyesha mwezi mzima umetumia GB ngapi, na kila programu imekula kiasi gani. Mimi niliamini WhatsApp ndiyo inayonimaliza kwa sababu ndiyo kazi yangu. Nilipotazama, video zinazojicheza zenyewe kwenye Facebook na TikTok zilikuwa zimekula zaidi ya mara mbili ya kazi yangu yote ya kuuza. Nikazima kujicheza, nikawasha kiokoa data. Kisha nikaingia kwenye WhatsApp nikazuia picha na video za magurupu zisijipakue zenyewe. Nifungue ninayoitaka tu. Yule mama wa viazi alipofanya hivyo bando lake la wiki likaanza kumfikisha wiki, na habari ya kuhama ikaishia hapo. Fanya hili kabla ya lolote, kisha ukae wiki nne ndipo utazame tena. Hesabu ya wiki moja hudanganya, hasa kama ina harusi au msiba ndani yake.

Angalia pia data yako inaelekea wapi. Matangazo yote husifu kasi ya kupokea: filamu, mpira, muziki. Mimi natuma. Mtandao waweza kuwa hodari wa kupokea na mzito wa kutuma, na kasi ya kutuma mara nyingi huwa ndogo kuliko ya kupokea. Kama wewe ni wa kutazama tu, usijisumbue na hili. Kama unauza, unafundisha, au unaingia mikutano ya video, basi kutuma ndiko kwa kupima.

Sasa bei. Usigawanye bei kwa GB unazopewa; gawanya kwa GB ulizotumia kweli kabla ya muda kuisha. Tuseme bando la siku 30 ni shilingi 1,000 kwa GB 10. Kwa karatasi ni shilingi 100 kila GB. Ukitumia 6 na nne zikafa, umelipa shilingi 167 kila GB. Bando la shilingi 100 la GB 2 linaloisha saa sita usiku linaonekana la bure, lakini ukitumia nusu GB kisha ukalala, GB moja imekugharimu 200. Mabando ya saa chache yamfaa mtu anayejua saa yake. Binti yangu, mwanafunzi wa chuo pale Tudor, hununua la saa moja, akapakua masomo yake yote kwa pamoja, akazima data. Mimi mteja aweza kuniamsha saa tano usiku, na kwangu bando lisilo na mwisho wa muda, kama yale Safaricom iliyoyaanzisha Oktoba 2019, hutoka nafuu hata kama GB yake ni ghali zaidi kwa karatasi. Na ukiona neno "bila kikomo", tafuta maandishi madogo. Mara nyingi kuna kiwango ukikipita kasi hupunguzwa, na kasi hiyo iliyopunguzwa ndiyo utakayoishi nayo siku za mwisho wa mwezi.

Ukishajua unachotumia na unacholipa, ndipo uje kwenye kupima, na hapa nakuomba usiwe na haraka. Nunua laini ya kampuni unayoifikiria, uisajili kwa kitambulisho chako wewe. Ukisajiliwa na vijana wa miavuli wanaouza laini barabarani, simama utazame wanachofanya, na ukimaliza bonyeza *106# uone ni laini ngapi zimeandikwa kwa jina lako. Weka bando dogo la wiki. Nambari yako ya zamani usiiguse.

Nilivyopima mimi ni hivi. Nilichukua video ya sekunde 40, dera la samawati lenye maua meupe, nikaituma kwa mpwa wangu kwa laini ya kwanza nikiwa nimekaa kwenye cherehani. Alama mbili zikatokea kabla sijamaliza kutunga sindano. Nikabadilisha data kwenda laini mpya, nikatuma video ileile. Kile kiduara kikaanza kuzunguka. Nikavingirisha uzi kwenye bobini, bobini ikajaa, nikaipachika mahali pake, nikashona ukingo wa mkono mmoja, kiduara bado chazunguka. Nikanyanyuka na simu mkononi hadi dirishani, hatua mbili tu. Ikaenda papo hapo.

Hatua mbili! Nyumba zetu za Mji wa Kale kuta zake ni mawe ya matumbawe na chokaa, nene kama mkono kutoka kiwiko hadi vidole. Mawimbi ya masafa ya juu, yaani yanayotetema haraka zaidi, huchoka kupenya ukuta kama huo, ya masafa ya chini hupenya vizuri zaidi. Kampuni moja yaweza kuwa na mnara karibu nawe lakini kwa masafa yasiyoingia ndani, na nyengine mnara wake uko mbali lakini sauti yake yafika hadi jikoni. Ramani za kampuni zinazoonyesha mtaa mzima umefunikwa hazijui kitanda chako kiko upande gani.

Usipime kwa simu mbili tofauti. Nilianza hivyo, yangu na ya mpwa wangu, nikailaumu laini kumbe simu yake ndiyo dhaifu. Tumia simu moja, badilisha laini. Na usitegemee sana zile programu za kupima kasi: kwenye mtandao wa kasi kipimo kimoja chaweza kula zaidi ya MB 100, na hakikuambii video yako itafika lini. Video ileile, kwa mtu yuleyule, mahali palepale, hiyo yatosha.

Rudia mara tatu kwa siku. Baada ya alfajiri kila mtandao ni mzuri kwa sababu watu wamelala. Mchana, pima pale ulipo kikazi. Kipimo cha kweli ni baada ya isha, kuanzia saa mbili hadi saa nne usiku, mtaa mzima umerudi nyumbani na kila mtu yuko kwenye simu. Mnara mmoja mnagawana wote. Mtandao niliousifu asubuhi, saa tatu usiku ulinishinda hata kufungua picha ya wasifu wa mteja. Na stima ikipotea, usiache kupima: minara mengine ina betri na jenereta za kuistahimilisha, mengine huzimika baada ya muda mfupi. Kama unavuka feri ya Likoni kila siku, au unakaa foleni ya Makupa, pima huko pia ikiwa ndiko unakojibu wateja.

Kuna jambo watu hunibishia. Nyaya za chini ya bahari zinazoleta intaneti Kenya zinatua hapa kwetu. TEAMS na SEACOM zilifika mwaka 2009, EASSy mwaka uliofuata. Basi husema Mombasa yapasa kuwa na kasi kuliko kwengine. Lakini kasi yako mara nyingi hukwama kati ya simu na mnara, kwenye zile hatua mbili za mwisho, si baharini. Ila nyaya zikikatika, wote tunaumia. Mei 2024 EASSy na SEACOM ziliharibika upande wa Afrika Kusini, na mtandao ukawa mzito nchi nzima. Wiki kama hiyo usiitumie kuhukumu kampuni yoyote. Subiri ipite.

Kagua na simu yenyewe. Baadhi ya simu za zamani za laini mbili, tundu la pili hushika 2G tu, ule mtandao wa zamani wa mwendo mdogo, kwa hivyo laini mpya iweke tundu la kwanza wakati wa kupima. Kampuni ya Faiba hutumia masafa ya MHz 700, si kila simu huyapokea, uliza kabla ya kutoa pesa. Simu uliyoinunua kwa kulipa mdogo mdogo huenda imefungwa isikubali laini ila ya kampuni iliyoikopesha. Haya ni ya kuuliza mara moja dukani, ukayamaliza.

Baada ya wiki moja utajua. Kama laini mpya haikushinda mahali pako na saa zako, achana nayo, umepoteza bando la wiki tu. Kama imeshinda, lipo swali la mwisho, nalo ndilo nililokosea: unahama wewe au yanahama mabando yako?

Kenya tumekuwa na haki ya kuhama na nambari tangu 2011. Ni haki nzuri. Lakini nambari yangu ina akaunti ya pesa, ina akiba na mkopo mdogo, na ndiyo ambayo benki huitumia kuniletea msimbo wa siri. Ni kweli kutumiana pesa kati ya mitandao kumewezekana tangu 2018, na tangu 2022 mteja wa Airtel Money aweza kulipa kwenye till ya M-Pesa, yaani nambari ya malipo ya duka. Hata hivyo mteja aliyezoea kuliona jina langu likitokea anapolipa, jina lisipotokea husita, na akisita hanunui.

Jambo ambalo laiti ningeambiwa mapema ni hili: WhatsApp haijali data inatoka laini gani. Ukishaisajili kwa nambari yako ya zamani, itaendelea na nambari hiyohiyo hata ukiwashia data kwenye laini ya kampuni nyengine. Hakuna mteja anayejua, hakuna wa kuarifiwa. Ndiyo maana wengi wanaoniuliza nawaambia waweke laini mbili: ya zamani kwa pesa na simu za wateja, mpya kwa mabando. Ya zamani uitumie angalau kidogo kila mwezi, kwa sababu laini iliyolala muda mrefu hufungwa, na nambari yake baadaye yaweza kupewa mtu mwengine.

Kuhama nzima kunamfaa mwenye simu ya tundu moja asiyepokea pesa za biashara kwa nambari hiyo, au anayeishi mahali ambapo mtandao wa zamani haufiki hata kwa kupiga simu. Ukiwa ndiye, maliza mkopo wa simu kwanza, toa pesa zote zilizomo, tumia mabando yaliyobaki, kisha pita benki yako uwaeleze. Usihame mwisho wa mwezi wala wiki ya Idi.

Mimi sasa nina laini mbili. Data ya mchana, nikiwa kwenye cherehani, inatoka laini ya zamani. Jioni nikikaa barazani kujibu wateja wa Maskati nawasha ile nyengine, ambayo kule nje haina mpinzani. Mwezi uliopita nimetumia GB 9. Mnara mpya umejengwa nyuma ya Tononoka, na video ya dera la samawati bado ninayo kwenye simu. Jumamosi baada ya isha nitaituma tena.