Jinsi ya Kusoma Ngazi Yako ya Mshahara Serikalini na Kufuatilia Nyongeza Zako

Vijana wanaoajiriwa serikalini kwa mara ya kwanza huja katika ofisi yetu ya rasilimali watu hapa Nairobi na swali moja: mshahara wangu utaongezwa lini? Swali hilo halijibiki kwa neno moja, kwa sababu watu huita nyongeza mambo yasiyofanana. Ipo nyongeza ya kila mwaka ndani ya ngazi yako, ipo inayotokana na kupandishwa cheo, na ipo inayokuja ngazi nzima inapofanyiwa mapitio. Kila moja ina mlango wake na mwenye ufunguo wake. Anayezichanganya huishia kuchukua mkopo kwa kutegemea pesa ambazo hakuna aliyemwahidi, na nimewaona wengi mno wakiumia kwa njia hiyo.

Hatua ya kwanza: tambua kundi lako la kazi

Chukua barua yako ya uteuzi. Itataja kada, cheo na kundi la kazi, ambalo huandikwa kwa herufi au kwa nambari ya CSG. Herufi huanzia A chini kabisa na kupanda hadi V, zikiruka I na O ili zisidhaniwe kuwa tarakimu. Nambari za CSG huenda kinyume: CSG 17 ndiyo ya chini na CSG 1 ndiyo ya juu. Mtu akitoka CSG 11 kwenda CSG 10, basi amepanda, ingawa nambari imepungua. Karani aliyeajiriwa kwa cheti cha KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari, kwa kawaida huanzia kundi F, mwenye stashahada kundi H, na mwenye shahada kundi J au K kulingana na kada.

Usilinganishe barua yako na ya jirani aliye mwalimu. Walimu walio chini ya TSC, tume inayoajiri walimu, wana madaraja yao, kuanzia B5 hadi D5, na mashirika ya serikali nayo yana majedwali yao.

Hatua ya pili: soma ngazi yenyewe

Ngazi ya mshahara huandikwa kwa mkato ambao wengi huupita bila kuuelewa. Tuchukue ngazi ya kubuni, kwa ajili ya hesabu tu: Sh30,000 x 1,200 – 36,000. Maana yake ni kwamba unaanza na mshahara wa msingi wa Sh30,000 kwa mwezi, kila mwaka unapanda kidato kimoja cha Sh1,200, na ukifika Sh36,000 umegonga dari. Kwa hiyo ngazi hii ina nyongeza 5 tu. Baada ya hapo unaweza kufanya kazi miaka mingine 10 kwa bidii ileile na mshahara wako wa msingi usisogee, isipokuwa upandishwe cheo au ngazi yenyewe ipitiwe upya. Siku ya kuripoti kazini, hesabu vidato vyako na uandike mwaka utakaogonga dari, kwa sababu huo ndio mwaka unaopaswa kuwa umeshajiandaa kupanda cheo.

Kumbuka kwamba vidato ni vya mshahara wa msingi. Marupurupu ya nyumba hutegemea kundi la kazi na kituo, na Nairobi ndiyo yenye kiwango cha juu zaidi. Afisa anayehamishwa kutoka hapa kwenda mji mdogo ataona jumla ya mapato yake ikishuka ingawa mshahara wake wa msingi haujaguswa. Wapo waliokuja kwangu wakiamini wameshushwa cheo, kumbe ni marupurupu ya nyumba yaliyofuata kituo kipya.

Hatua ya tatu: ijue tarehe yako ya nyongeza na uitazame ikifika

Nyongeza ya mwaka haiwafikii watumishi wote siku moja, bali kila mmoja ana tarehe yake, nayo huonekana katika hati ya mshahara unayoipata mtandaoni. Mwezi huo ukifika, linganisha mshahara wa msingi na ule wa mwezi uliotangulia. Nyongeza hii haihitaji maombi. Hata hivyo, inaweza kuzuiwa au kuahirishwa kama adhabu ya kinidhamu, na adhabu ya aina hiyo sharti uarifiwe kwa maandishi.

Adui wa kawaida zaidi ni faili. Nyongeza yangu ya kwanza ilichelewa kwa miezi 7 kwa sababu barua ya kunithibitisha kazini ilitiwa sahihi, ikawekwa kwenye faili, na haikupelekwa kwa wanaoshughulikia mishahara. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inaweka muda wa majaribio usiozidi miezi 6, unaoweza kurefushwa kwa miezi 6 mingine ukikubali. Muda huo ukiisha, ulizia barua yako ya kuthibitishwa, uitoe nakala, na uhakikishe kwa macho yako kwamba imeingizwa katika mfumo.

Hatua ya nne: hesabu kitakachobaki mkononi

Sh1,200 hazifiki mkononi zikiwa Sh1,200. Tumia viwango vilivyotumika kuanzia mwishoni mwa Desemba 2024 kwa afisa aliye katika mpango wa pensheni ya kuchangia ulioanza Januari 2021, ambao mtumishi huuchangia asilimia 7.5 na serikali asilimia 15. Pensheni itachukua Sh90, bima ya afya ya SHIF ya asilimia 2.75 itachukua Sh33, na ushuru wa nyumba wa asilimia 1.5 utachukua Sh18. Makato hayo matatu huondolewa kabla ya kukokotoa kodi, kwa hiyo zinabaki Sh1,059 za kutozwa PAYE, yaani kodi ya mapato inayokatwa kwenye mshahara. Ikiwa mapato yako yanayotozwa kodi tayari yamepita Sh32,333 kwa mwezi, kila shilingi ya ziada hadi Sh500,000 hutozwa asilimia 30, yaani Sh317.70 hapa. Kinachobaki ni Sh741.30.

Ninasisitiza hesabu hii kwa sababu nyongeza ikitajwa tu, wakopeshaji huwa wameshafika mlangoni. Sheria hairuhusu makato yote kwa jumla kuzidi theluthi mbili za mshahara, na serikalini tunalinda theluthi moja ya mshahara wa msingi. Mwenye Sh30,000 lazima abaki na Sh10,000 baada ya kodi, michango, sako na benki. Mimi husema usikaribie mpaka huo hata kidogo: kodi ya nyumba mtaani Umoja na nauli ya matatu havitangoji mwezi ujao.

Hatua ya tano: jiandae kupanda cheo

Omba mwongozo wa utumishi wa kada yako. Humo mna sifa za kila cheo, na kwa kada nyingi muda unaotakiwa katika cheo kimoja ni angalau miaka 3. Vyeo vya mwanzo mara nyingi vimeunganishwa, yaani ukitimiza muda na utendakazi wako ukiridhisha, unapandishwa bila kungoja nafasi iachwe wazi. Juu zaidi ya hapo ni lazima nafasi iwepo na mara nyingi utafanyiwa usaili. Fomu ya tathmini ya utendakazi, ambayo mwaka wake huanza Julai 1 na kuisha Juni 30, ndiyo ushahidi wako mkuu. Mwaka mmoja usiojazwa huacha pengo ambalo kamati haiwezi kulifunika kwa huruma. Ukiombwa kukaimu cheo cha juu, dai barua: Sheria ya Tume ya Utumishi wa Umma ya mwaka 2017 inataka ukaimu usiopungua siku 30 wala kuzidi miezi 6, na kazi uliyokaimu kwa mdomo tu ni vigumu kuilipia.

Hatua ya sita: elewa mapitio ya ngazi

Hapa ndipo jina la SRC, yaani Tume ya Mishahara na Marupurupu, linapoingia. Kwa mujibu wa Kifungu cha 230 cha Katiba, tume hiyo huweka mishahara ya maafisa wa dola na kushauri kuhusu ya watumishi wengine wote wa umma, ikizingatia pia kama jumla ya gharama inabebeka. Kanuni za fedha za umma za mwaka 2015 zinataka mishahara isizidi asilimia 35 ya mapato, kiwango ambacho nchi imekuwa ikikipita, na hiyo ndiyo sababu mapitio yanaweza kukawia. Juni 2021 SRC ilitangaza kwamba mishahara haingepitiwa katika miaka ya fedha ya 2021/22 na 2022/23. Tangazo kama hilo linahusu ngazi nzima. Mtu akikuambia ofisini kwamba kwa sababu yake kidato chako cha mwaka nacho kimefutwa, mwombe akuonyeshe waraka unaosema hivyo.

Hatua ya saba: nyongeza isipoonekana

Andika barua fupi kwa mkuu wa rasilimali watu kupitia kwa msimamizi wako. Taja namba yako ya utumishi, kundi, tarehe ya nyongeza na mshahara wa msingi wa miezi miwili inayolinganishwa, kisha uambatishe hati hizo mbili za mshahara na barua ya kuthibitishwa. Baki na nakala iliyopigwa muhuri wa kupokelewa. Malimbikizo yakilipwa, huja kwa mkupuo na kodi ya mwezi huo hupanda, basi yakokotoe kwa kuzidisha idadi ya miezi kwa kidato chako kabla ya makato, ndipo ujue kama yametimia.