Jiwe la Uluguru lina miaka mingapi? Somo la hatua kwa hatua

Kila nikiweka picha ya jiwe hapa, swali la kwanza ni lile lile: "Mwalimu, hilo lina miaka mingapi?" Leo tulimalize. Jiwe la milima ya Uluguru, Morogoro, lililotokana na mchanga au tope, ukiliuliza umri wake litakujibu mara nne, na majibu yote manne ni ya kweli. Chembe zake zilizaliwa wakati mmoja, zikatuama chini ya maji wakati mwingine, zikapikwa ardhini baadaye sana, halafu zikapoa polepole baada ya hapo. Mtu akikutajia namba moja bila kusema ni ya tukio lipi, bado hajakwambia kitu.

Nimechagua Uluguru kwa kuwa ndiko nilikochakaza viatu, ila utaratibu huu utakufaa pia Pare, Usambara na hata Taita kwa ndugu zetu wa Kenya. Kote huko ni sehemu ya ukanda ambao mwanajiolojia Mwingereza Arthur Holmes aliuita Mkanda wa Msumbiji mwaka 1951: miamba iliyokunjwa na kupikwa, inayoanzia Msumbiji na kupanda kaskazini kupitia Tanzania na Kenya hadi Ethiopia.

Hatua ya 1: Jua jiwe lilikuwa nini kabla ya kupikwa

Hapa ndipo wengi wanapoteleza, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Miamba ya mashapo ni ile iliyotokana na mchanga, tope au chokaa kutuama tabaka juu ya tabaka. Ikizama chini sana ikapata joto na mgandamizo, inageuka bila kuyeyuka yote: hiyo ndiyo miamba metamofiki. Sura inabadilika, lakini viungo vya mapishi vinabaki. Chokaa inakuwa marumaru. Mchanga safi unakuwa kwatzaiti, jiwe gumu linalokwaruza kioo. Tope, kwa kuwa lina alumini nyingi, linatoa ulanga wa vigamba vinavyong'aa, garneti nyekundu na sindano nyeupe za silimanaiti. Tope jeusi lililojaa mabaki ya viumbe linatoa kinywe, kile kinachokuachia vidole vyeusi kama umeshika risasi ya penseli.

Majaribio ya shambani hayahitaji gharama. Jiwe jeupe linalong'aa ukilikwaruza kwa kisu likaacha mkwaruzo, huenda ni marumaru. Kisu kikiteleza, huenda ni kwatzaiti. Kwa marumaru dondoshea siki. Likitoa mapovu mara moja, ni chokaa ya kawaida. Lisipotoa, usilitupe: kwangua upate unga, kamulia ndimu juu yake, inamisha sikio. Marumaru yenye magnesi haichemki ikiwa kipande kizima, ila unga wake utausikia ukinong'ona.

Sasa tahadhari. Naisi, lile jiwe lenye mistari myeupe na myeusi, linaweza kutokana na tope na linaweza kutokana na mwamba moto kama graniti, yaani uliotokana na uji wa mawe yaliyoyeyuka ukapoa. Usiape kwa kuona mistari. Tafuta majirani zake. Naisi iliyopangana na marumaru, kwatzaiti na kinywe, mkanda kwa mkanda, hiyo ina asili ya mashapo. Naisi iliyo peke yake kilometa baada ya kilometa, bila marumaru wala kinywe, iachie nafasi ya shaka. Na Uluguru ina mwamba mwingi wa aina hiyo uliotokana na moto.

Hatua ya 2: Usichanganye mistari na tabaka

Mistari unayoiona kwenye naisi mara nyingi ililetwa na mgandamizo: ulanga umelazwa upande mmoja kama majani ya mpunga baada ya mvua ya upepo. Tabaka la asili linaonekana pale aina ya jiwe inapobadilika, kwa mfano marumaru inapokutana na kwatzaiti. Pima vyote viwili kwa dira, andika kando kando.

Hatua ya 3: Chukua sampuli

Vunja hadi ufike kwenye jiwe bichi. Udongo mwekundu na jiwe lililooza vinafaa kwa kahawa, si kwa maabara. Kwa umri wa zirkoni (chembe ndogo ngumu za madini tunazozitumia kama saa) chukua kwatzaiti au naisi ya asili ya mchanga, kilo kadhaa. Marumaru haina zirkoni za kutosha. Weka lebo ndani ya mfuko na nje ya mfuko, yote mawili.

Nasema hivyo kwa uchungu. Mwaka fulani nilipeleka mifuko sita, lebo zote nje, kwa kalamu ya wino. Tulishuka kutoka mlimani na mvua ya Machi. Nilipofika mjini nilikuwa na mifuko sita ya mawe yasiyo na majina. Nikarudi kupanda.

Hatua ya 4: Saga, osha, chagua

Jiwe linasagwa, linachekechwa, kisha linaoshwa kwa karai jinsi wachimbaji wa dhahabu wanavyofanya. Vyepesi vinaondoka na maji, vizito vinabaki. Sumaku inatoa chembe za chuma na garneti, kimiminika kizito kinatoa vilivyosalia, na mwisho unakaa kwenye hadubini na sindano ukiokota chembe moja moja. Zirkoni ni ndogo: nyingi zina upana wa unywele mmoja au miwili. Kinu kisafishwe kabla ya kila sampuli. Chembe tatu za jiwe la mtu mwingine zinatosha kukuzulia historia isiyokuwepo.

Hatua ya 5: Soma kiini na ganda

Hapa ndipo utamu ulipo. Zirkoni inapokatwa katikati na kupigwa kwa miale ya elektroni, inang'aa na kuonyesha maganda kama kitunguu. Kiini ni chembe ya kale iliyosafirishwa na mto, mara nyingi ikiwa imechakaa pembeni kwa kubiringishwa. Ganda la nje liliota juu yake wakati jiwe linapikwa. Chembe moja, matukio mawili. Ukiitupa nzima kwenye asidi na kuipima yote pamoja, utapata wastani wa umri wa babu na mjukuu, ambao si umri wa mtu yeyote. Ndiyo maana siku hizi wanapima kwa leza au kwa mwale wa ayoni, kidoa chenye upana wa mikroni 30 hivi (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimeta), kiini peke yake na ganda peke yake.

Hatua ya 6: Hesabu

Zirkoni inapoota inaikaribisha urani na kuikataa risasi (ninasema metali ya risasi, si ya bunduki). Kwa hiyo risasi utakayoikuta ndani, karibu yote imezaliwa humo humo, kutokana na urani kuoza. Urani-238 hupungua nusu kila baada ya miaka bilioni 4.47 na kuishia risasi-206. Urani-235 hupungua nusu kila baada ya miaka milioni 704 na kuishia risasi-207. Ni saa mbili katika chembe moja. Zikikubaliana, tunaziamini. Zikipishana, mara nyingi kuna risasi iliyovuja.

Chukua ganda ambalo kwa kila atomu 1,000 za urani-238 zilizobaki lina atomu 104 za risasi-206. Ukipiga hesabu unapata miaka milioni 640 hivi. Sikuiokota namba hiyo hewani: huo ndio takriban wakati ambapo miamba ya Pare, Usambara na Uluguru ilipikwa, kwenye joto la nyuzi 800 hivi na kina cha kilometa zaidi ya 30, mabara yalipokuwa yakigongana kuunda Gondwana, lile bara kuu la kale.

Hatua ya 7: Bana umri wa mashapo yenyewe

Siku mchanga ulipotuama haikuacha saa yake, kwa hiyo tunaibana kwa pande mbili. Mchanga hauwezi kuwa wa kale kuliko chembe changa kuliko zote zilizomo. Wala hauwezi kuwa na umri mdogo kuliko kupikwa kwake. Tuseme kiini kichanga kabisa katika kwatzaiti yako kina miaka milioni 800 na ganda lina milioni 640: mashapo yalituama katikati ya hapo. Pana, najua. Kama kuna marumaru jirani, unaweza kupunguza pengo. Maji ya bahari za wakati huo yalikuwa yakibadilika uwiano wa strontiamu-87 kwa strontiamu-86, kutoka 0.7055 hivi miaka milioni 850 iliyopita hadi kupita 0.708 kufikia milioni 550, na chokaa ilihifadhi uwiano wa siku yake. Chagua marumaru safi, isiyo na ulanga, la sivyo uwiano unaharibika.

Hatua ya 8: Kupoa

Fupi. Potasiamu-40 huzaa argoni, gesi inayotoroka jiwe likiwa moto. Honiblendi, madini meusi ya kwenye naisi, huifungia joto likishuka hadi nyuzi 500 hivi, ulanga mweusi kwenye 300 hivi. Ulanga mweusi wa mkanda huu umetoa umri wa karibu miaka milioni 500 mara nyingi sana, na kwa muda mrefu watu waliuchukulia kuwa ndio umri wa mkanda. Kumbe ulikuwa umri wa sufuria kupoa.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwalimu wa jiografia, Kilosa: Shikamoo mwalimu. Wanafunzi wangu wanauliza, kama jiwe lina miaka milioni 640, basi na mlima una miaka hiyo hiyo?

Marahaba. Hapana, na swali hilo liwekee kipindi kizima. Milima iliyosimama wakati ule wa mgongano ililika zamani. Uluguru tunayoiona ilinyanyuliwa na mipasuko ya ardhi ya baadaye mno, Gondwana ilipoanza kuachana na baada ya hapo. Hata ukichukua kadirio la mbali kabisa, mwinuko haufikii nusu ya umri wa jiwe lake. Waambie matofali ya kale, nyumba mpya.

Mchimbaji, Matombo: Mimi natoa rubi kwenye marumaru. Rubi yenyewe haiwezi kupimwa?

Kaka, rubi ni alumini na oksijeni, haina urani ya kutosha kuwa saa. Lakini mara nyingine imemeza chembe ya zirkoni, na hiyo inapimika. Ulanga uliokaa pembeni yake nao unapimika kwa argoni, ila utakupa umri wa kupoa. Kwa hiyo ukipata rubi isiyouzika kwa sababu ina vidoadoa, usiiponde. Hivyo vidoadoa ndivyo ninavyovitafuta mimi.

Mwanafunzi, Dodoma: Kwa nini msitumie kaboni-14 kwenye kinywe, maana ni kaboni?

Kaboni-14 hupungua nusu kila miaka 5,730. Ikipita miaka 50,000 hivi hakuna kilichobaki cha kupima. Ila kinywe kina faida nyingine. Viumbe hupendelea kaboni-12 kuliko kaboni-13, na upendeleo huo unaweza kubaki hata baada ya kupikwa. Kinywe kilichotapakaa kwenye tabaka kikiwa na kaboni nyepesi, hapo una ushahidi mzuri wa uhai. Kilichojaza ufa kama mshipa, kuwa mwangalifu, huenda kililetwa na gesi kutoka chini.

Mama Zawadi: Visukuku je? Bahari ilikuwepo, samaki wako wapi?

Dada, wakati huo samaki hawajakuwepo. Kulikuwa na bakteria na mwani, na nyuzi 800 hazikubakiza umbo lolote. Kilichobaki kwao ni kinywe.

Mwanachama, Voi: Huku Taita tuna marumaru, kinywe na garneti ya kijani. Ni bahari moja na yenu?

Mkanda ni mmoja na mapishi yanafanana. Garneti yenu ya kijani, tsavoriti, inapata rangi kutoka vanadiamu na kromiamu, na vanadiamu hupenda kukaa kwenye tope jeusi lenye kaboni. Mirerani nako tanzanaiti imekaa kwenye naisi ya kinywe. Lakini "bahari moja" ni neno zito. Kufanana kwa mawe hakutoshi. Linganisha kwanza viini vya zirkoni vya pande zote mbili.

Kijana wa Mgeta: Babu anasema Wajerumani walichimba ulanga huku juu. Una uhusiano wowote na umri wa miamba?

Mkubwa kuliko unavyodhani. Ulanga ule ulikuwa kwenye pegimataiti, mishipa ya chembe kubwa inayoikata naisi, kwa hiyo ni michanga kuliko naisi: tayari hiyo ni saa ya bure. Humo mlikuwa na uraninaiti pia, madini yenye urani nyingi. Mwaka 1906 mkemia Mjerumani Willy Marckwald alieleza madini mapya ya njano kutoka Morogoro na kuyaita kwa heshima ya mwanafizikia Ernest Rutherford. Karibu na kuanza kwa Vita Kuu ya Kwanza, wakemia Otto Hönigschmid na Stefanie Horovitz wakapima risasi iliyotoka kwenye uraninaiti ya Morogoro, wakakuta uzito wake wa atomu ni karibu 206.05, ilhali risasi ya kawaida ni 207.2. Ilikuwa karibu yote risasi-206, mtoto wa urani. Ni miongoni mwa vipimo vilivyothibitisha kwamba elementi moja inaweza kuwa na atomu za uzito tofauti, na hesabu yote ya hatua ya 6 imesimama juu ya jambo hilo.

Babu kama bado anakumbuka shimo lilipo, chukua alama ya GPS ukiwa nje, piga picha ya mdomo wake na mawe yaliyotupwa pembeni. Ndani usiingie, mihimili ya miti ya wakati ule imeshaoza.