Kabla ya kujipima sukari, kanawe

Ramadhani moja, bi mkubwa wa jirani hapa Wete alinigongea alasiri, uso umemshuka. Mashine yake imeonyesha 19.2. "Mwanangu, si ndo kufa huku?" Nikamshika mkono: vidole vinanata. Alikuwa akitoa kokwa za tende za futari. Akanawa kwa sabuni, akajikausha, nikampima kidole kile kile. 7.4.

Kosa halikuwa la mashine. Kwenye ncha ya stripu, kile kijiti bapa kinachochomekwa kwenye mashine, pamepakwa kimeng'enya (kichochezi cha mabadiliko ya kikemia), mara nyingi kiitwacho glukosi oksidesi, ambacho hupatikana kwenye kuvu aina ya Aspergillus niger. Kikikutana na glukosi, ndiyo sukari ya kwenye damu, huinyang'anya elektroni. Zile elektroni hupokelewa na kemikali nyingine na kufikishwa kwenye vinjia vyembamba unavyoviona juu ya stripu. Mashine hupima umeme huo, basi. Glukosi ikizidi, umeme unazidi. Wazo la kutumia kimeng'enya hivi lilitolewa Marekani na watafiti Clark na Lyons mwaka 1962, na leo stripu nyingi zinatosheka na damu isiyofika mikrolita moja. Kwenye tone dogo hivyo, mikrogramu mbili tu za glukosi kutoka kwenye tende zinatosha kuipandisha 7 ikawa 18 na ushei. Cha kuchekesha, sukari ya chai kimeng'enya hicho hakiitambui, maana ni aina nyingine. Tende, asali na matunda ndiyo wachongezi.

Sasa tupime.

1. Kagua kichupa. Tazama tarehe ya mwisho, kisha toa stripu moja na ufunge kifuniko hapo hapo. Ndani yake mna dawa ya kunyonya unyevu, na masika ya kwetu unayajua: hata chumvi hulia maji. Stripu zilizohamishiwa kwenye mfuko wa plastiki mimi sizipimii mtu.

2. Nawa, kausha. Usiache kidole kibichi, maji huzimua damu na namba hushuka. Ukitumia spiriti, subiri ikauke. Huna maji? Futa tone la kwanza, pima la pili.

3. Toboa ubavuni mwa ncha ya kidole, si katikati, ndiko kunakouma. Kisindano kipya kila mara, wala usiazimane na mtu, hata mumeo. Damu ikigoma, ning'iniza mkono, usugue kuanzia kiganjani. Usikamue kidole kama tui la nazi: majimaji ya nyama yataingia kwenye damu.

4. Gusisha ukingo wa stripu kwenye tone. Itavuta yenyewe. Usipake juu, na ikikataa usiiongezee tone la pili. Chukua nyingine, ingawa najua bei inauma.

5. Andika namba, saa, na kama umekula. Hakikisha mashine inasoma mmol/L, kizio cha namba zangu zote hapa. Ukiona 130, hiyo ni mg/dL, kizio kingine. Gawanya kwa 18 upate 7.2. Tena usigombane na tofauti ndogo: kiwango cha kimataifa cha mashine hizi, ISO 15197 cha 2013, kinaruhusu mashine ipotoke kwa asilimia 15 kuanzia 5.6 kwenda juu. Kwa hiyo 10.0 asubuhi hii na 10.9 dakika mbili baadaye huenda ni sukari ile ile. Mwenye upungufu wa damu naye, kwa mashine nyingi, husomeka juu kuliko alivyo. Mwambie daktari wako.

Hujawahi kuambiwa una kisukari, na hujala tangu usiku, ukapata 7.0 au zaidi? Nenda hospitali ukapimwe damu ya mshipa. Usianze dawa za jirani.

Na ikisoma chini ya 4 huku unatetemeka na jasho linakutoka, hapo usinipigie simu kuuliza kama ulinawa vizuri. Kama umefunga, fungua. Kunywa maji yaliyokorogwa vijiko vitatu vya chai vya sukari, kaa kitako, upime tena baada ya dakika 15.