Kusafirisha mayai ya kutotolesha kwenda Njombe na Makete wakati wa kipupwe

Mayai yenye mbegu yanayotoka Dar es Salaam mwezi Juni au Julai huanza safari kwenye joto la pwani na kuimaliza kwenye baridi inayoweza kuleta sakitu. Wengi huogopa baridi tu. Kumbe yai lililotulia kwenye nyuzi 13 hadi 18 za Selsiasi liko salama. Linaloangamiza zaidi ni joto la kupanda na kushuka: yai likivuka nyuzi 21 hivi, kiinitete (kifaranga kichanga ndani ya yai) huanza kukua, likipoa, husimama, hali hiyo ikijirudia, hudhoofika na kufa.

Kwa sababu hiyo usiweke chupa ya maji ya moto ndani ya boksi. Mayai yanayoigusa yataamka au kuungua, na ya pembeni yatabaki na baridi yake.

Chagua mayai yasiyozidi siku 7, yenye ganda zima na safi bila kuoshwa, maana kuosha huondoa utando unaozuia vijidudu. Yapoze usiku mzima kabla ya kufunga. Chumba chenye kiyoyozi cha nyuzi 16 hadi 18 kinafaa. Friji ya nyumbani, ambayo hukaa kwenye nyuzi 4 hivi, haifai.

Funga kila yai kwa gazeti, lisimamishe kwenye trei ya karatasi ncha nene ikiwa juu, kisha funika kwa trei nyingine. Trei ziingie kwenye boksi dogo, na boksi hilo ndani ya kubwa, kukiwa na nafasi ya sentimita 5 kila upande, chini na juu. Jaza maranda makavu. Hayo ndiyo blanketi lenyewe: hupunguza kasi ya baridi kuingia na hupokea mishtuko ya barabara. Tikisa kidogo, ukisikia kitu kinacheza, ongeza maranda. Usizungushie nailoni, kwani unyevu utabaki kwenye maganda. Andika pande zote MAYAI YA KUTOTOLESHA, na mshale wa juu.

Mwombe kondakta boksi likae ndani na abiria, si kwenye buti. Usiku buti hupoa sana, na yai likiganda hupasuka nyufa nyembamba zisizoonekana bila tochi.

Mpokeaji asifungue boksi papo hapo. Yai baridi likikutana na hewa yenye joto na unyevu hutoka jasho, na jasho hilo husaidia bakteria kupenya kwenye vitundu vya ganda. Boksi likae limefungwa saa 4 hadi 6 kwenye chumba cha nyuzi 18 hadi 20, mbali na jiko. Kisha toa mayai, ondoa yenye nyufa, na yapumzike saa 12 hadi 24, ncha nene juu.

Yamulike kwa tochi gizani kabla ya kuyaweka kwenye mashine ya kutotolesha. Chumba cha hewa, ile nafasi tupu kwenye ncha nene, kikitembea kama povu la pimamaji, yai limetikiswa sana. Lisimamishe ndani ya mashine bila kuligeuza kwa siku 2 au 3 za mwanzo. Mashine yenye feni iwe nyuzi 37.5.

Siku ya 7 mulika tena. Ukiona pete ya damu, kiinitete kilianza kukua kikafa. Pete zikiwa nyingi, kagua joto la mashine kwanza, kisha muulize aliyetuma mayai yalikaa wapi kabla ya kupakiwa.